Siku Nilipotembea Katikati ya Njia

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba tembea uone. Tangu nirudi kutoka ng'ambo, wenzangu wa Chama cha Kiswahili hawajanipa nafasi ya kupumua. Huyu ananiuliza, "Uliona theluji?" Yule naye, "Ulimwona Mfalme?" Mwingine, tena wa kidato changu, alitaka kujua kama ni kweli huko watu hawaujui ugali. Basi nijibu yote kwa mkupuo mmoja. Theluji sikuiona kwa sababu nilikwenda mwezi wa Agosti. Mfalme hakunialika. Na ugali niliula karibu kila usiku, maana Mama hakosi unga kabatini mwake.

Mhariri ameniomba niandike nilichokiona. Nami, mpenzi msomaji, sitakusimulia habari za majumba marefu. Nitakupeleka kwenye mji mmoja mdogo wa Uskoti ambao wakazi wake ni mia chache tu. Jina lake huandikwa Culross lakini hutamkwa "Kuros". Mimi nililisoma jinsi lilivyoandikwa, tena kwa sauti, mbele ya dereva wa basi. Yule bwana alicheka hadi miwani ikamteleza puani. Mama naye, badala ya kunitetea, akacheka pamoja naye!

Lakini kabla hatujafika huko, yanipasa kuungama jambo moja.

Wengi wenu mnakumbuka kwamba tangu kidato cha kwanza nimekuwa nikijitapa kuwa mama yangu ni muuguzi Uingereza. Nilisema hivyo bwenini, nikasema kwenye foleni ya chakula, nikasema hata katika insha ya "Mtu Ninayempenda Zaidi", ambayo mwalimu aliisomea darasa. Mama anakaa Dunfermline, mji ulioko kaskazini ya ghuba kubwa iitwayo Firth of Forth. Usiku wa kwanza nilipofika nilimwuliza, "Mama, wewe ni nesi wa wodi gani?" Aliweka mwiko chini, akanitazama.

"Mwanangu, mimi si nesi. Nafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Nawaogesha, nawalisha, nawabadilisha nguo, nawalaza. Nani alikwambia mimi ni nesi?"

Hakuna aliyeniambia. Nilijiambia mwenyewe, na nikaamini. Usiku ule nilinyamaza, lakini moyoni nilihisi aibu. Nilijiuliza, nitawaambia nini watu shuleni? Ati mama yangu amepanda ndege usiku kucha kwenda kuwaosha vikongwe vya Wazungu! Wiki nzima niliongea naye kwa "ndiyo" na "hapana". Naandika haya kwa sababu aibu ile ndiyo inayonitia aibu leo.

Mama alikuwa na siku moja ya mapumziko katika wiki, Alhamisi. Akasema, "Twende Culross. Mzee mmoja ninayemtunza alizaliwa karibu na huko. Kila asubuhi ananisimulia, mpaka naona kama nimeshafika." Tukapanda basi.

Culross iko magharibi ya Dunfermline, ukingoni mwa maji. Tuliposhuka sikuamini macho yangu. Nilikuwa nimezoea kuona mambo ya kale yakiwa magofu, kama kule Gede, ambako kuta zimebaki bila paa na mizizi ya miti imezikumbatia. Hapa nyumba za miaka mia tatu na mia nne zimesimama zima, moshi unatoka kwenye dohani, nguo zimeanikwa uani, na paka amelala dirishani. Kuta zimepakwa chokaa nzito, nyingine nyeupe, nyingine rangi ya bizari. Mapaa ni ya vigae vyekundu. Pembe za kuta zinazopanda juu hazikukatwa mshazari kama zetu, bali zimejengwa kama vidato vya ngazi. Waskoti huziita ngazi za kunguru. Nilimwambia Mama kwamba kama ni kunguru wa Mombasa, ngazi hawahitaji, wao huingia hadi jikoni!

Vigae hivyo vina historia. Zamani meli za hapa zilibeba makaa ya mawe na chumvi hadi nchi za ng'ambo ya bahari, hasa Uholanzi na zile zilizoko pwani za Baltiki. Zilipokuwa zinarudi, zilihitaji mzigo mzito wa kuzituliza majini, ndipo zikapakia vigae. Kwa hiyo mapaa yale mazuri yalianza kama uzito wa kuzuia meli isipinduke. Mzigo wa mtu mwingine ndio pambo lako!

Nyumba kubwa kuliko zote ni ile iitwayo Culross Palace. Usidanganywe na jina, kwa maana hakuna mfalme aliyewahi kuishi humo. Ilijengwa na mfanyabiashara, Sir George Bruce, kati ya 1597 na 1611. Ndani vyumba ni vidogo na vyenye giza, milango ni mifupi hata mimi nisiye mrefu niliinama. Lakini ukiinua macho, loo! Dari za mbao zimechorwa picha za rangi, kila picha na funzo lake. Mzee aliyetutembeza, mmoja wa wale wanaojitolea kuwaeleza wageni, alisema picha hizo zilikuwa za kuwakumbusha wenye nyumba wawe na busara. Nikamwambia kwamba kwetu hizo tunaziita methali, ila sisi huziandika kwenye kanga na nyuma ya matatu. Alifurahi sana. Kisha akauliza kama nyumbani tunawaona simba kila siku. Nilimjibu kwamba mimi simba nimewaona kwenye noti na kwenye televisheni.

Nyuma ya nyumba hiyo kuna bustani iliyokatwa ngazi ngazi mlimani, imejaa mboga na miti ya dawa. Humo wanatembea kuku wa kienyeji wa Uskoti, Scots Dumpy, wenye miguu mifupi kiasi kwamba wakitembea kwenye majani unadhani wanaogelea. Mama aliwatazama kwa muda mrefu. Akasema, "Nyanya yako angewaona hawa angesema wameteguka."

Utajiri wa Bruce ulitoka wapi? Ulitoka chini ya bahari. Watawa wa Culross, ambao abasia yao ilianzishwa 1217, ndio waliotangulia kuchimba makaa ya mawe huko. Mwaka 1575 Bruce akaukodisha mgodi wao, na baadaye akafanya jambo ambalo watu walilistaajabia: alichimba njia ya chini kwa chini hadi chini ya sakafu ya ghuba, kisha akajenga kisima cha mawe katikati ya maji, mfano wa kisiwa, ili meli zitie nanga hapo hapo na kupakia makaa. Maji yaliyovujia ndani yalitolewa kwa mnyororo mrefu wenye ndoo, ulioendeshwa na farasi. Mwaka 1617 Mfalme James wa Sita alikuja kuuona mgodi huo. Husimuliwa kwamba aliingia kwa nchi kavu, akatokea juu ya kile kisima, na alipojiona amezungukwa na maji pande zote akapiga kelele kuwa amesalitiwa! Bruce akamwonyesha mashua iliyokuwa ikimngoja. Mwaka 1625 dhoruba kali iliubomoa mgodi na kuujaza maji. Mwaka huo huo Bruce akafa, na Mfalme akafa. Maji yakipwa, mawe ya kile kisima bado yanaonekana.

Makaa yale yasiyofaa kuuzwa hayakutupwa. Yaliwashwa chini ya masufuria makubwa ya chuma, maji ya bahari yakachemshwa humo hadi ikabaki chumvi. Hapo nilielewa kwamba kwetu tumebarikiwa. Kule Gongoni, chumvi hukaushwa na jua bure. Wao ilibidi wachome mlima wa makaa ndipo wapate chumvi ya kutia mchuzini. Wahunzi wa Culross nao walifua vikaango bapa vya chuma vya kuokea mikate ya shayiri, ndugu wa kikaango chetu cha chapati, na mwaka 1599 Mfalme aliwapa wao peke yao haki ya kuvifua.

Nilikuwa nimeshaanza kumsifu Bruce, yule mzee alipotueleza jambo jingine. Wachimba makaa na wapika chumvi wa Uskoti hawakuwa watu huru. Bunge la Uskoti lilipitisha sheria mwaka 1606 kwamba mchimba makaa au mpika chumvi asiajiriwe na mtu mwingine bila barua ya bwana wake wa awali. Akitoroka, hurudishwa kama mwizi, kwa maana amejiiba mwenyewe kutoka kwa bwana wake! Sheria ya kuwafungua ilianza kupitishwa 1775, na kazi hiyo ikakamilishwa 1799. Hebu fikiri, mwaka ile sheria ilipotungwa, nyumba hii yenye methali za busara darini ilikuwa bado inajengwa.

Mama alicheka, lakini si kicheko cha furaha. "Barua ya bwana," alisema kwa Kiswahili. "Na mimi viza yangu imefungwa kwa mwajiri. Nikitaka kuondoka, lazima kwanza nimpate mwingine wa kunidhamini." Yule mzee aliuliza amesema nini. Mama akamjibu kwa Kiingereza kwamba anaipenda bustani.

Tulitoka tukaenda kwenye jengo la halmashauri ya kale, Town House, linalotazama maji. Lilijengwa 1626, na mnara wake wenye saa uliongezwa 1783. Ni jengo zuri, lenye ngazi mbili za nje zinazokutana mlangoni. Juu ya ngazi hizo walikutana wakubwa wa mji. Chini walifungwa wenye madeni. Na huko juu kabisa, darini chini ya paa, walifungiwa watu walioshtakiwa uchawi.

Kuhusu uchawi Uskoti ilikuwa na sheria yake tangu 1563 hadi ilipofutwa 1736. Katika muda huo watu wapatao 4,000 walishtakiwa. Wengi sana wao walikuwa wanawake, na si wachache waliokuwa wazee. Walinyimwa usingizi siku nyingi mfululizo mpaka wakakiri lolote waliloulizwa. Waliopatikana na hatia walinyongwa kisha miili yao ikachomwa. Siku hizi watalii wengi huja hapo kwa sababu ya tamthilia ya runinga iitwayo Outlander, ambamo Culross iliigiza kijiji cha Cranesmuir, na katika hadithi hiyo nako kuna wanawake wanaoshtakiwa uchawi. Siku ile walikuwapo wasichana wanne wakipigana picha mbele ya ngazi, wakicheka. Nami nilitoa simu yangu, nikamwambia Mama asimame hapo nimpige.

Mama hakusimama. Alikuwa akiliangalia lile paa. Kisha akaenda kuketi kwenye vipandio vya nguzo ya mawe, katikati ya kiwanja kidogo kilichokuwa soko la mji. Nikamfuata.

"Unajua kwa nini Nyanya yako alihama kijijini?" aliniuliza.

"Miguu," nilijibu. "Ilikuwa inamsumbua, akaenda kwa Shangazi Mtwapa awe karibu na hospitali."

"Si miguu."

Hapo ndipo aliponieleza, polepole, kama mtu anayehesabu pesa. Mwaka aliposafiri, kijana mmoja wa kijijini alikufa ghafla. Matangani mtu mmoja akasema, "Yule bibi kizee anayekaa peke yake, mbona mvi zake zimezidi?" Kesho yake likatupwa jiwe juu ya bati. Wiki iliyofuata ikapatikana karatasi imebanwa mlangoni: ahame au ataona. Mbele ya nyumba ya Nyanya kuna shamba lenye minazi, na wako watu waliokuwa wakilitamani tangu zamani. Mjomba alikwenda usiku kwa gari la kukodi akamchukua, yeye na godoro lake na kuku wawili. Mimi nilikuwa shuleni. Waliamua nisiambiwe, nisije nikashindwa kusoma.

"Basi ile piko..." nilisema, nikashindwa kumaliza.

"Ndiyo. Ile piko."

Nieleze, kwa wasiojua. Likizo ya Desemba nilipokwenda Mtwapa nilimkuta Nyanya amepaka nywele piko, nyeusi ti! Nilimcheka. Nilimwita msichana, nikamwuliza ni bwana gani anayemtafuta. Yeye akacheka pamoja nami. Kumbe alikuwa anazificha mvi zake ili aweze kwenda dukani.

Ninyi mtokao Pwani mnajua sizui. Katika kaunti yetu ya Kilifi wazee wamekuwa wakiuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya maneno hayo kuna shamba. Nilikuwa nimelisikia hilo redioni mara nyingi. Nilikuwa sijalisikia nyumbani.

Mama akaendelea, "Kila asubuhi namchana nywele bibi mmoja wa miaka tisini na mbili. Mvi zake ni nyeupe kama pamba. Watoto wake wakija wananiambia, 'Mpendeze, leo tunampiga picha.' Nami namchana, namfunga utepe, huku nafikiri, mama yangu anajificha kwa sababu ya nywele kama hizi. Pesa ninazopata hapa ndizo zinazomlipia chumba kule. Sasa niambie, mwanangu, ungependa niwe nani ndipo usione haya?"

Sikuwa na jibu. Nililia, naam, mvulana wa kidato cha tatu, mbele ya watalii. Sikujua kwamba alikuwa ameiona aibu yangu wiki nzima.

Baada ya muda Mama alinyanyuka, akajifunga vizuri kanga aliyokuwa amejitanda juu ya koti. "Twende tukaone kanisa. Yule mzee wangu ataniuliza."

Kutoka kiwanjani zinapanda njia nyembamba zilizotandikwa mawe ya mviringo, katikati ya nyumba zilizosogeleana kana kwamba zinanong'onezana. Tulipita ile iitwayo Back Causeway. Njia hii si sawa na njia nyingine. Katikati yake kuna mstari wa mawe mapana, umeinuka kuliko pande zake mbili. Zamani maji machafu yalipita kando, na wakubwa wa mji walitembea pale katikati palipo pakavu. Watu wa kawaida walipishana nao kwa kushuka kwenye tope. Yaani hata mawe ya njia yalijua nani ni nani.

Mama ana mazoea ya kutembea kando. Hata Dunfermline niliona, akitembea hujibana ukutani wengine wapite. Pale Back Causeway akaanza vivyo hivyo, mkono mmoja ukutani, viatu vyake vya kazi vikiteleza juu ya mawe madogo. Mimi nikamshika mkono.

"Mama, pita hapa katikati."

"Tutawazuia watu."

"Wapi hao watu? Pita."

Akapita. Mstari ule ni mwembamba, haufai watu wawili bega kwa bega, kwa hiyo nilitembea nyuma yake. Alipofika juu aligeuka akatazama chini tulikotoka. Hakusema kitu.

Abasia iko juu ya mji. Sehemu yake ni magofu, na sehemu nyingine ndiyo kanisa la parokia mpaka leo. Kutoka hapo unaona vigae vyote vyekundu chini yako, kisha ghuba, na ng'ambo ya maji yako mabomba ya viwanda vya Grangemouth, ambako kazi ya kusafisha mafuta ilikoma mwaka 2025. Upande wa magharibi, karibu na Kincardine, palikuwa na kituo cha Longannet kilichofua umeme kwa makaa ya mawe. Kilikuwa cha mwisho cha aina hiyo Uskoti, kikafungwa 2016, na dohani lake likaangushwa 2021. Basi makaa yaliyoanza kuchimbwa na watawa wa hapo yamefika mwisho wake karibu na hapo hapo. Kilichobaki ni nyumba.

Na hata nyumba nusura zisibaki. Biashara ya makaa na chumvi ilipokufa, mji ulifukarika. Hakuna aliyekuwa na pesa za kubomoa na kujenga upya, ndiyo maana vya kale vilibaki, ila vilikuwa vinaoza. Shirika la National Trust for Scotland lilianzishwa 1931, na mwaka uliofuata likaununua ule mjengo wa Bruce kwa pauni 700. Baadaye liliendelea kununua nyumba ndogo ndogo zilizokuwa mbovu. Lilizitengeneza, likaziuza kwa watu wa kuishi ndani kwa masharti kwamba wasiziharibu sura, na pesa hizo zikatengeneza nyingine. Nadhani huo ndio ujanja wao. Nyumba isiyokaliwa na mtu hufa, hata ukiizungushia ua na kuweka bango.

Karibu na mji kuna mabaki ya kanisa dogo la Mtakatifu Mungo, lililojengwa 1503. Hadithi ya kale yasema mama yake Mungo, aliyeitwa Teneu, alipopatikana na mimba alifukuzwa na baba yake mwenyewe, akatiwa katika mashua peke yake na kusukumwa baharini. Maji yakamfikisha ufuoni Culross, akajifungua hapo, na watu wakampokea. Mtoto huyo ndiye anayeheshimiwa kuwa mlinzi wa mji mkubwa wa Glasgow. Mama alipoisikia hadithi hiyo alisema tu, "Kumbe walijua pia kupokea."

Jioni tulirudi. Saa mbili usiku jua lilikuwa bado liko juu! Basi lilipita kijiji cha Torryburn. Hapo ufuoni, mahali ambapo maji hujaa na kupwa, alizikwa mwanamke aitwaye Lilias Adie, aliyeshtakiwa uchawi akafia kifungoni mwaka 1704. Walimfunika kwa jiwe kubwa asije akafufuka. Tarehe 8 Machi 2022 Waziri Mkuu wa Uskoti wa wakati huo, Nicola Sturgeon, aliomba msamaha rasmi Bungeni kwa wote walioshtakiwa chini ya sheria ile. Nilimtazama Mama. Alikuwa amelala, kichwa kimegonga kioo. Saa kumi na moja alfajiri alikuwa na zamu.

Wiki ya mwisho ya likizo nilikwenda Mtwapa. Nilimpelekea Nyanya biskuti za Uskoti, akasema ni ngumu lakini zina siagi. Nikamwonyesha picha ya Town House kwenye simu, nikamweleza habari za chumba cha darini, na jiwe la Torryburn, na ule msamaha.

"Kumbe hata Wazungu?" aliuliza.

"Hata wao, Nyanya."

"Na hao wanawake waliombwa radhi baada ya muda gani?"

"Karibu miaka mia tatu tangu sheria ifutwe."

Nyanya alitafuna biskuti yake hadi ikaisha. "Miaka mia tatu ni mingi, mjukuu wangu, kungojea pole."

Nilimwomba radhi kwa kumcheka siku ile ya piko. Alinipiga kofi dogo begani akasema niache ujinga, kwani piko inampendeza kweli. Bado anaipaka. Nyumba yake ya kijijini bado imefungwa, na Mjomba anasema bati moja limeng'oka. Sijui kama atarudi. Ninalojua ni kwamba shamba halijauzwa, na Mama amesema halitauzwa.

Ndugu msomaji, nisikuchoshe. Culross imenifunza kwamba kuhifadhi nyumba za kale si kuhifadhi uzuri peke yake. Waskoti wangeweza kubakiza dari lenye picha za rangi na kuliziba lile la wafungwa. Hawakufanya hivyo, na kwa sababu hiyo mtoto wa Kilifi alipita chini yake akajua habari ya nyanya yake mwenyewe. Sisi je, ukipita vijijini mwetu, ni alama gani inayokuonyesha mahali bibi kizee alipofukuzwa? Hakuna. Nyumba huanguka, majani yakaota, watu wakagawana minazi.

Kwa hiyo nina maombi mawili. La kwanza ni kwa wenzangu. Mkienda nyumbani likizo hii, mkikuta watu wanamnong'ona mzee kwa sababu ya mvi zake, msinyamaze kama nilivyonyamaza mimi kwa kutojua. Mwamkieni mbele yao, kwa sauti, kisha mketi naye. La pili ni kwa mwalimu wetu. Ile insha ya kidato cha kwanza naomba uifutie alama, maana ilikuwa na uongo. Mama yangu si muuguzi. Mama yangu huwaogesha wazee na kuwachana nywele zao nyeupe, na kwa kazi hiyo mimi nasoma, na Nyanya ana mahali pa kulala. Ukinitaka niiandike upya, niko tayari, na safari hii sitaongeza chumvi.

Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Basi na tuhakikishe kwamba wazee wenyewe wapo.